Joto kwenye daftari la vipimo

Ilikuwa Jumatatu ya Julai, hapa Njombe, nikikata kitambaa cha suti. Ghafla mkono ukaanza kutetemeka na mita mbili zikaharibika. Mafua ya kawaida huja polepole, chafya leo, makamasi kesho. Haya yalinidaka kama mgambo.

Nikakumbuka mteja wa Jumamosi aliyekuwa akikohoa nikimpima kiuno. Siku mbili tu! Influenza, yaani mafua makali ya virusi, hujificha siku moja hadi nne kabla ya kukuangusha.

Zahanati wakapima malaria, hakuna kitu. "Mama, haya ni mafua makali. Parasetamoli, maji, na ulale." Muuzaji wa duka la dawa alitaka aniongezee vidonge vya rangi mbili. Nikakataa, maana antibayotiki huua bakteria, virusi haiwagusi.

Joto nililiandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja: 39.2, 39.4, 38.6, jirani na kiuno 34 na mabega 17. Virusi vilikuwa vinazaliana kwenye njia ya hewa, lakini kilichoniuma ni mapaja na mgongo. Mwili ukishagundua uvamizi humwaga kemikali za kuamsha kinga, na kemikali hizo ndizo zinazopandisha homa na kuumiza viungo. Kulijua hilo hakukunipunguzia maumivu, ila nililala bila kuwaza kaburi.

Kosa nililifanya Alhamisi. Homa imeshuka hadi 37.8, nami nikafungua ofisi, wakati mgonjwa huweza kuambukiza tangu siku moja kabla ya dalili hadi siku tano au saba baada yake. Jumamosi binti ninayemfundisha kushona akaanguka.

Siku ya tano homa yake ilishuka, akala ugali, akaulizia umbea wa sokoni. Siku ya saba ikarudi, 39.5. "Fundi, nikivuta pumzi kifua kinachoma." Nikafungua daftari. Yangu iliposhuka haikupanda tena. Sikungoja uji uive, tukapanda bajaji hadi hospitali. Nimonia. Virusi vilikuwa vimechubua njia ya hewa, bakteria wakapita humo humo. Akaandikiwa antibayotiki, zile zile nilizokuwa nazibeza, na safari hii zilikuwa haki yake.

Mimi kikohozi kilinikaa wiki tatu. Kitambaa cha suti nilikilipa mwenyewe.