Jaji Warioba ninayemkumbuka mimi

Mi nikisikia jina la Jaji Warioba siwazi sana ule uwaziri mkuu wa 1985 mpaka 1990, nakumbuka Machi 2014 yuko Dodoma anawasilisha rasimu ya katiba kwenye Bunge Maalum, sisi tumejazana kwenye tivii ya kinyozi mtaani, mashine imezimwa, jamaa ananyolewa kabaki na kichwa nusu na hata hajali. Mzee kashaongoza tume ya rushwa 1996, kashakuwa jaji wa mahakama ya kimataifa ya sheria za bahari kule Hamburg, angeweza kabisa kupumzika zake, lakini akakubali kuongoza tume ya katiba na kusikiliza wananchi nchi nzima. Halafu Novemba ya mwaka huohuo kwenye mdahalo wa katiba pale Ubungo, Dar es Salaam, watu wakamfanyia fujo, mzee wa watu! Iliniuma mno, mpaka leo.