Mtungi wa Bibi na Sukari Iliyogoma Kushuka

Nilipokuwa daktari tarajali katika hospitali moja mkoani Dodoma, mkuu wangu wa wodi alinipa ushauri unaonikera hadi leo: kwamba mgonjwa ukimchekea, atakupanda kichwani. Niliufuata kwa utiifu wote wa ugeni. Posho ilikuwa imechelewa kwa mwezi wa pili, zamu za usiku zilifuatana, na ukali ulinirahisishia kazi, kwa kuwa mgonjwa mwenye hofu haulizi maswali.

Ndipo akaletwa, kwa mara ya tatu ndani ya msimu mmoja, bibi wa Kigogo mwenye kisukari, ulimi umemkauka kama gome, na kipimo kikaandika HI, yaani sukari imepita kiwango ambacho mashine inaweza kukisoma. Tulimtundikia dripu na kumpa insulini, na alfajiri alipopata nguvu ya kuketi, nikamgombeza mbele ya wodi nzima kwamba anaruka dozi. Alinisikiliza mpaka nikachoka mwenyewe, kisha akasema taratibu, "Mjukuu wangu, sijaruka hata siku moja." Binti aliyemsindikiza akafungua fundo la khanga, akanikabidhi kichupa cha insulini yake. Nilikiviringisha kati ya viganja, nikakiinua kwenye mwanga: mabonge meupe yaligoma kuchanganyika. Dawa ilikuwa imeharibika kitambo. Nilipouliza huwa inakaa wapi, nikajibiwa kuwa hukaa sandukuni, chini ya paa la bati, na huo ulikuwa mwezi wa Novemba.

Nilivuta kigoda, nikaketi, nikamwomba radhi, nikihakikisha kwamba waliosikia makaripio wanasikia na hilo.

Kisha nikajiona mjanja. Nilimwombea nafasi kwenye friji ya muuza duka wa kijijini kwake, ambaye alikubali kwa moyo mweupe, na ili dawa iwe salama zaidi akaizamisha kwenye sehemu ya kugandishia, katikati ya barafu za ubuyu. Insulini ikishaganda haifai tena, hata ikiyeyuka, kwa hiyo kichupa kipya kikaenda jalalani na kingine nikakinunua kwa pesa ya kukopa. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilimwambia mwenye duka "iwekwe kwenye baridi" bila kumwambia ni baridi ya namna gani.

Muuguzi mmoja mtu mzima ndiye aliyeniuliza kama kwetu hatukuwahi kunywa maji ya mtungini. Nilinunua vyungu viwili sokoni, kimoja kikiingia ndani ya kingine, nikajaza mchanga katikati, nikaulowesha, nikafunika kwa kitambaa kibichi na kuviweka kivulini penye upepo. Wiki nzima niliishi navyo chumbani kama mganga, nikichungulia kipimajoto usiku na mchana. Chumba kilipofika nyuzijoto 32, ndani ya chungu hazikuzidi 25, na kichupa kilichokwisha kufunguliwa huvumilia hali hiyo kwa takribani wiki nne. Gharama yote haikufika elfu kumi na tano, nauli ikiwemo. Ukame wa Dodoma, ambao kila mtu huulalamikia, ndio unaoufanya mtungi upoe vizuri. Ningekuwa pwani kwenye unyevu, nisingepata baridi hiyo. Tatizo lilikuwa maji, maana pale yananunuliwa kwa dumu, lakini mchanga haubagui, unakubali hata yaliyooshea mboga, alimradi kifuniko kibane na kichupa kikae ndani ya kopo kavu.

Bibi aliporudi kliniki, nilimwamkia shikamoo, naye akaniitikia kwa marahaba ndefu. Sukari yake ilisoma 11, ambayo bado si ya kujivunia, lakini hakuja amebebwa. Alikuwa na swali moja tu, kama anaruhusiwa kuweka na nyanya humo chunguni. Nilimwambia aziweke, ila zisiiguse dawa.