Nilivyoitoa hewa kwenye breki ya nyuma

Ukishuka na pikipiki kutoka Lushoto kwenda Mombo, mguu wa kulia hauondoki kwenye pedali ya breki. Boxer nyingi za bodaboda zina breki ya ngoma nyuma, lakini yangu ni ya diski, na siku moja ilipofika chini ya mlima pedali ikawa inazama kama nakanyaga godoro. Ukiipiga harakaharaka inapanda, inashika kidogo, halafu inalegea tena. Hapo kuna hewa.

Kikopo cha mafuta ya breki nilikikuta na mafuta ya kahawia. Mafuta haya hunyonya unyevu: mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, ila yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Mteremko mrefu unamalizia kazi: breki inapata moto, mafuta yanachemka. Mvuke ukitokea kwenye kalipa (kile kifaa chenye pistoni zinazosukuma pedi zibane diski), nguvu ya mguu inaishia kuubana huo mvuke badala ya kusukuma pedi.

Nikanunua chupa ya DOT 4 ambayo haijafunguliwa. (DOT 5 ni ya silikoni, usichanganye.) Spana namba 8, mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, na chupa ya plastiki yenye mafuta ya breki kidogo ili ncha ya mpira izame. Mpwa wangu akashika pedali.

“Kanyaga, shikilia.” Nalegeza skrubu ya kutolea hewa, mapovu yanatoka, nakaza. “Haya, achia.” Kukaza kunatangulia kuachia, la sivyo hewa inarudi ndani. Na kikopo cha nyuma ni kidogo mno, kwa hiyo jicho moja linabaki huko; kikikauka mnaanza upya.

Mafuta yakaanza kutoka masafi, mapovu yakaisha.

“Mjomba, mbona bado laini?”

Hapa ndipo wengi hukimbilia kununua pampu mpya ya breki. Mimi nilitazama kwanza kalipa ilivyokaa. Hewa hupanda juu, na kwenye pikipiki yangu ile skrubu haiko sehemu ya juu kabisa ya kalipa, kwa hiyo povu linajificha juu yake na mafuta yanapita chini. Nikafungua bolti, nikachomoa kalipa na mpira wake ukiwa umeunganishwa, nikachomeka kipande cha mbao kati ya pedi ili pistoni zisitoke, nikainua skrubu iangalie juu. Nikaigongagonga kwa mpini wa bisibisi. Tulipokanyaga tena likatoka povu nene, likafuatwa na vidogo vidogo. Mpira unaotoka kwenye kikopo nao una kona. Nikauminyaminya mpaka vipovu vikapanda vyenyewe.

Wapo mafundi wanaofunga pedali chini kwa mpira wa tyubu usiku kucha ili hewa iliyobaki itoke. Sikuhitaji, pedali ilishakuwa ngumu.

Baada ya kurudisha kalipa nilikanyaga mara kadhaa kabla ya kuondoka, ili pedi zisogee kwenye diski. Tone lililoangukia fremu nililimwagia maji papo hapo, maana mafuta ya breki yanakula rangi.