Mkoba wa Alfajiri

Majivu yalikuwa bado na moto tulipofika. Kambini walikuwapo watoto wanne, mzee mmoja na mbwa. Ilikuwa saa tano kasorobo asubuhi, mwezi wa nane mwaka 2016, kwenye kambi ya Wahadzabe, watu wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya vyakula vya porini, kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Kwenye Land Cruiser tulikuwa dereva, mratibu wa chanjo, afisa ustawi wa jamii na mimi muuguzi. Ratiba iliyobandikwa ukutani ofisini ilisema siku ile, saa nne hadi saa nane, kutakuwa na huduma za mkoba, yaani zile zinazowafuata watu walipo: chanjo, kupima uzito, kliniki ya wajawazito na kuandikisha watoto wa darasa la kwanza.

Mzee alikuwa ananyoosha mshale. Anaupasha kwenye makaa, anaushika kwa meno, anaukunja kidogo, kisha anafumba jicho moja na kuutazama kwa urefu wake. Hakuharakisha kwa ajili yetu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mtana," akajibu, akiongeza salamu ya Kihadzabe.

"Mama zao hawa wako wapi?"

"Wamekwenda kuchimba mizizi."

"Na watoto wachanga?"

"Mgongoni."

Hao wa mgongoni ndio tuliowafuata kilomita sabini. Mhadzabe anayenyonyesha hamwachi mtoto kambini. Anamfunga mgongoni, anachukua mti wa kuchimbia na kuondoka na wenzake jua likishapanda kidogo. Wanaobaki ni wale walioachishwa ziwa, ambao ni wazito kubebwa na bado hawawezi mwendo mrefu. Wanaume huwa wametoka mapema zaidi. Gari linaloondoka makao makuu ya wilaya saa mbili, baada ya kusaini mafuta, haliwezi kufika kambini kabla kina mama hawajatoka, na kila likienda litakuta wale wale. Tulipofungua rejesta ya zahanati tuliona mizunguko mitatu iliyotangulia ilikuwa imechanja watoto wawili tu. Kwenye safu ya maelezo mtu alikuwa ameandika: "Jamii haina mwamko." Niliyasoma maneno yale mara mbili, na hadi leo yananiuma, kwa sababu wakubwa waliyaamini na mzunguko wa nne ulipangwa saa zile zile.

Tuliamua kulala. Uamuzi huo haukuwa mwepesi kama unavyosikika. Posho ya kulala haikuwamo kwenye bajeti, na chanjo zilikuwa kwenye kibebeo kidogo chenye vipande vinne vya barafu, yaani vikopo bapa vya plastiki vyenye maji yaliyogandishwa, si kasha kubwa linaloweza kutunza baridi siku kadhaa. Angalau tulijua hazijaganda, kwa sababu ya kazi aliyoifanya mratibu alfajiri ile kabla hatujaondoka. Alitoa vipande vya barafu kwenye jokofu, akavipanga mezani na kusubiri. Kila baada ya muda alichukua kimoja, akakitikisa sikioni. Alipoyasikia maji yakicheza ndani ndipo alipokikubali. Barafu iliyotoka moja kwa moja kwenye jokofu na kuingizwa kwenye kibebeo hugandisha chupa zinazoigusa, na chanjo kama pentavalenti, ile inayokinga magonjwa matano kwa sindano moja, ikishaganda mara moja imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana nzuri. Watu wengi wanaogopa joto na kusahau kwamba baridi nayo inaua chanjo. Kiashiria kilichobandikwa kwenye chupa, ule mraba mdogo ndani ya duara, kinaonyesha joto tu, kuganda hakikuonyeshi.

Usiku kibebeo kilikaa chini ya mbuyu, upande usiopata joto la moto, na hakuna aliyeruhusiwa kukifungua. Saa kumi na mbili jioni kipimajoto kilikuwa kimesoma nyuzi 5. Alfajiri kilisoma 7. Mwisho unaoruhusiwa ni 8. Mratibu aliangalia viashiria chupa moja baada ya nyingine kwa tochi. Miraba yote ilikuwa bado myeupe kuliko maduara, ishara kwamba joto halijaziharibu. Tukaanza.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kambi nzima ilikuwa imekaa motoni: watu 31, na watoto watano chini ya miaka miwili, kila mmoja mikononi mwa mama yake. Ndani ya saa moja na nusu tulikuwa tumemaliza kila kitu. Kina mama hawakukataa chochote. Walitaka kujua sindano ni ya nini, mtoto atapata homa au la, na kama anaweza kubebwa juani siku hiyo hiyo.

Kigugumizi kilikuwa kwetu sisi. Watoto waliostahili chanjo ya surua na rubela walikuwa watatu, na chupa moja ina dozi 10. Ikishachanganywa na maji yake hudumu saa sita tu, kisha inatupwa. Kuwachanja hao watatu maana yake ni kutupa dozi saba, na ripoti ya mwezi ina safu ya uharibifu wa dozi ambayo muuguzi huulizwa. Nimewafahamu wauguzi wema kabisa waliofunga kibebeo na kumwambia mama "njoo siku nyingine watoto wakiwa wengi". Kwenye kambi ya watu 30 hiyo siku nyingine haipo: ukichukua makadirio ya kawaida kwamba watoto chini ya mwaka mmoja ni kama asilimia nne ya watu, kambi kama ile ina mtoto mmoja. Mratibu alifungua chupa. Baadaye, tulipoandika mpango mpya, uharibifu wa asilimia 70 kwa chanjo hiyo uliandikwa mapema kabisa kwenye maombi ya dozi, ukaidhinishwa, ili asiwepo muuguzi wa kuadhibiwa kwa kumchanja mtoto mmoja.

Umri nao ulitupa kazi. Hakuna aliyejua tarehe. Tulihesabu meno: kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, idadi ya meno ukiongeza sita hukupa miezi kwa makadirio. Halafu tulimuuliza mama alijifungua wakati wa chakula gani, kama ni asali au ubuyu, na maji yalikuwa wapi. Majibu mawili yakikubaliana tuliandika. Kujua nani apimwe mkono kwa utepe tulitumia fimbo ya urefu yenye alama mbili, sentimita 65 na 110. Mtoto anayeangukia katikati hupimwa. Mkono wa mmoja ulisoma sentimita 12.1, rangi ya njano, dalili ya utapiamlo wa kadiri. Hakuna aliyekuwa kwenye nyekundu, yaani chini ya 11.5.

Yule mratibu alikosea jambo moja, nami nilikosea pamoja naye: tuliomba tuonane na kiongozi wa kambi. Wahadzabe hawana mtemi wala mwenyekiti wa kambi. Ukimwomba kiongozi, wanakusogezea kijana anayezungumza Kiswahili vizuri, naye kwa nia njema atakutajia ndugu zake. Orodha yetu ya kwanza ilikuwa na majina 17 kati ya 31. Orodha iliyokamilika ilipatikana kwa kuuliza moto mmoja mmoja: hapa wanalala nani? Bibi mmoja, ambaye wenzake walimwacha azungumze bila kumkatiza, ndiye aliyetutajia hata familia mbili zilizohamia ng'ambo ya korongo siku chache kabla, kwa sababu wanaume walikuwa wameangusha mnyama mkubwa huko. Nyama ikiwa nyingi kuliko mabega ya kuibeba, kambi huifuata.

Nikamuuliza, "Bibi, mwezi wa kumi na mbili tutawakuta wapi?"

Akacheka kidogo. Akaokota mbegu za ubuyu, akaziweka chini moja moja. Hii ni sasa: maji ni machache, watu wako wengi pamoja kwenye visima, wanyama nao wanakuja kunywa. Hizi mbili ni mvua ikianza: matunda yako kila mahali, watu wanatawanyika, moto mmoja huku, mwingine kule. Hii ni asali. Sisi tukaweka vijiti vyetu pembeni: Julai bajeti inaanza, Desemba mwezi wa matone ya vitamini A, Januari shule inafunguliwa, Machi takwimu za wanafunzi. Karibu kila kijiti cha shughuli kubwa kiliangukia kwenye mbegu za kutawanyika. Isitoshe, miezi hiyo ndiyo udongo mweusi wa mbuga unapomeza magurudumu, na gari likikwama linaweza kulala huko siku mbili.

Mpango uliotokana na mbegu zile ulikuwa na mizunguko sita kwa mwaka. Minne ni ya gari, kati ya Juni na Novemba, kila mmoja siku mbili na usiku mmoja, lita 40 za dizeli. Miwili ni ya pikipiki wakati wa mvua, muuguzi mmoja na kijana wa Kihadzabe anayejua nani kahamia wapi, naye analipwa posho kama mtu yeyote wa timu. Vitamini A tuliitoa Juni na Oktoba, wakati gari bado linapita. Mtoto aliyechelewa dozi ya pili ya pentavalenti anaendelea alipoishia. Haanzi upya, hata kama imepita nusu mwaka. Jambo hilo tulilazimika kuliandika kwa herufi kubwa ndani ya jalada la rejesta.

Suala la shule nitalieleza kwa ufupi, ingawa lilituchukua mchana mzima. Kijana aliyetukalimania alikuwa ametoroka bweni mara mbili. Ada haikuwa kikwazo chake. Mara ya kwanza alikimbia kwa sababu alichekwa akizungumza lugha yake yenye vidoko, sauti za kugonga ulimi, na hakuelewa mwalimu anasema nini. Mara ya pili shule ilifungwa Desemba, wenzake wakafuatwa na wazazi wao, yeye akabaki getini kwa kuwa kambi ilishahama na hakuna aliyejua pa kumpeleka. Alitembea siku mbili akiwa na umri wa miaka kama kumi. Kwa hiyo kwenye mpango tuliingiza mafuta ya kuwarudisha watoto Juni na Desemba, kijana yule yule wa pikipiki kuwa ndiye anayeleta habari za kambi zilipo, watoto wa ndugu kulala bweni moja, na mlezi mmoja wa bweni anayejua Kihadzabe. Kila moja ya hayo ni gharama ndogo kuliko kujenga darasa, na ndiyo yaliyokatwa kwanza bajeti ilipopunguzwa. Tuliyarudisha mwaka uliofuata kwa kung'ang'ania.

Upande wa kunusuru kaya maskini, afisa ustawi alieleza masharti ya TASAF, mfuko wa Serikali unaozipa kaya hizo ruzuku: watoto wahudhurie shule angalau asilimia 80 ya siku, wadogo wafike kliniki. Bibi alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali ambalo sijawahi kulisahau: "Kliniki ikija mchana sisi tuko porini, nani hakuhudhuria?" Ndiyo sababu mahudhurio ya mkoba wa alfajiri tulianza kuyaandika kuwa mahudhurio ya kliniki, kwa jina na kwa tarehe.

Mzee wa mishale alikuwa na lake. Alisema tusiwaambie wahamie karibu na zahanati. Huo haukuwa ukaidi wa mzee. Mwaka 1964 na 1965 Serikali iliwakusanya Wahadzabe wengi kwenye makazi ya kudumu, Yaeda Chini ikiwa mojawapo. Waliugua, wengine wakafa, na waliobaki wengi walirudi porini. Watu hawa wote ni kama 1,000 hadi 1,300. Maradhi yakiingia kwenye idadi hiyo hayamwachi mtu bila msiba. Hatukuandika sentensi yoyote ya kuwahamisha.

Mzunguko wa Oktoba tuliwakuta kwenye kisima kingine, watu zaidi ya 60, kabla jua halijachomoza. Mama wa yule mtoto wa njano alinyanyuka kabla sijaita jina. Alichomoa kadi ya kliniki kutoka kwenye mkoba wa ngozi, imekunjwa mara nne, inanuka moshi, ina mafuta ya nyama na tundu la cheche kwenye mstari wa uzito. Safu ya surua na rubela ilikuwa inasomeka vizuri. Nikampima mtoto mkono: 13.0.