Kizidishi cha nukta elea ndani ya vitalu viwili vya DSP: uzoefu wangu

Nilikuwa natengeneza kichujio cha mitetemo ya mashine ndani ya FPGA (chipu ambayo unaipangia saketi zake mwenyewe), na nilitaka kihesabu kwa namba za nukta elea, yaani namba ambazo nukta yake inahama kulingana na ukubwa wake. Mota ikiwa nzima, vipimo vya kihisi ni vidogo mno. Beringi ikianza kuliwa vinapanda ghafla, na kwa namba kamili ningelazimika kupanga upya mizani ya hesabu kila hatua. Chipu niliyokuwa nayo ni Artix-7, ile ya 35T, yenye vitalu 90 vya DSP (vizidishi vilivyotengenezwa tayari ndani ya chipu) na LUT 20,800 (vijedwali vidogo vya kujengea mantiki yoyote). Kila kizidishi kikitumia vitalu viwili, vinatosha vizidishi 45. Hilo ndilo lililokuwa lengo langu, tena kwa saa ya megahezi 200, yaani mipigo milioni 200 kwa sekunde.

Kabla ya kuandika mstari wowote wa Verilog, lugha ya kuelezea saketi, nilikaa na mwongozo wa kitalu chenyewe. Hadi leo naamini kazi hii huamuliwa hapo. Kitalu kimeshachongwa ndani ya silikoni na hakibadiliki, kwa hiyo hesabu ndiyo inayopaswa kukifuata.

Namba ya biti 32 kwa kanuni ya IEEE 754 ina biti 1 ya alama, biti 8 za kipeo (nguvu ya 2) na biti 23 za sehemu (tarakimu zinazofuata nukta). Mbele ya hizo 23 kuna moja isiyoandikwa, hivyo kuzidisha ni biti 24 kwa 24, na zao lake ni biti 48. Alama ya jibu inapatikana kwa XOR: alama mbili zikitofautiana, jibu ni hasi. Vipeo unavijumlisha, unatoa 127 (kwa kuwa kila kipeo huandikwa kikiwa kimeongezwa 127), basi. Gharama yote iko kwenye ile 24 kwa 24.

Kitalu cha DSP cha Artix-7 kinazidisha biti 25 kwa 18, namba zenye alama. Zetu hazina alama, kwa hiyo biti ya juu kila upande inakaa sifuri na zinabaki 24 kwa 17. Namba ya kwanza, tuiite X, inaingia nzima bila kukatwa! Ya pili, Y, niliigawa: biti 17 za chini na biti 7 za juu. Kitalu cha kwanza kinazidisha X kwa zile 17. Cha pili kinazidisha X kwa zile 7, kisha kinajumlisha jibu la mwenzake likiwa limesogezwa kulia biti 17. Waliosanifu kitalu waliliwazia jambo hili: kwenye waya unaotoka kitalu kimoja kwenda cha jirani yake wa juu kuna njia ya kusogeza biti 17 kamili. Kitalu cha pili kinapaswa kusubiri mpigo mmoja wa saa zaidi, na hilo nalo limeandaliwa, kwani kila moja ya ingizo mbili zinazozidishwa lina rejista mbili (vihifadhi vya thamani kwa mpigo mmoja) ndani ya kitalu. Hakuna LUT inayotumika.

Sharti moja ni la kuzingatia sana. Rejista za ndani ya kitalu zinakubali kufutwa (kurudishwa sifuri) kwa kufuata saa tu. Ukiandika msimbo wako kwa mtindo wa kufuta bila kungoja saa, programu ya usanisi, ile inayogeuza msimbo kuwa saketi, itaziacha rejista zako nje ya kitalu na kasi itashuka. Katika njia ya data sikuweka ufutaji wowote. Niliuweka kwenye biti inayosema kama jibu ni halali.

Sehemu iliyonipa raha kuliko zote ni kukadiria, yaani kulifupisha zao lirudi biti 24. Kutoka biti 48 unahitaji 24 za juu, biti moja inayofuata, na jibu la swali moja: je, zilizobaki chini zote ni sifuri? Zile biti 17 za mwisho za kitalu cha kwanza hazihitajiki kwa lolote jingine. Kitalu kina kigunduzi cha ruwaza ndani yake. Nilikipa ruwaza ya sifuri, nikafunika biti zote kuanzia ya 17 kwenda juu (ya kwanza chini ikihesabiwa 0), na jibu likatoka kwa waya mmoja. Nilichoongeza ni rejista moja tu, ili jibu hilo lifike pamoja na la kitalu cha pili.

Kisha kuna kurekebisha kipeo. Chukua 1.5 mara 1.5. Vipeo ni 127 na 127, ukijumlisha na kutoa 127 unabaki na 127. Zao ni 2.25, limevuka 2, hivyo biti ya 47 ni moja: unachukua biti kuanzia hiyo, na kipeo kinakuwa 128. Nilikokotoa kipeo na kipeo jumlisha moja mapema, vitalu vikiwa bado vinazidisha, na biti ya 47 inachagua. Baada ya hapo nilibandika kipeo na sehemu pamoja kama namba moja ya biti 31, nikaiongezea ile moja ya kukadiria. Sehemu ikiwa imejaa moja tupu, inageuka sifuri na moja inayobebwa inaingia kwenye kipeo yenyewe. Hata namba kubwa kuliko zote, ikiongezwa moja, inakuwa alama halisi ya isiyo na kikomo (infinity). Waliopanga mpangilio wa IEEE 754 wanastahili heshima kwa hilo.

Namba ndogo zaidi ya 2 kwa kipeo cha −126 nilizifanya sifuri. Kuzishughulikia kikamilifu kunadai kuhesabu sifuri za mbele na kusogeza biti, na mtetemo wa mota haufiki huko. Kwa hesabu za kisayansi za jumla nisingethubutu.

Majaribio niliyafanya kwa Verilator, programu ya kuiga saketi kwenye kompyuta, nikilisha namba kutoka TestFloat ya John Hauser, programu ya kupima hesabu za nukta elea, na kulinganisha majibu biti kwa biti. TestFloat inategemea zile namba ndogo zitunzwe, kwa hiyo mifano hiyo niliitenga na kuikagua kwa kanuni yangu mwenyewe.

Saa ya megahezi 200 ilishikwa. Ukibanwa na DSP kuliko LUT, ile 24 kwa 7 unaweza kuitoa nje ukaijenga kwa LUT, kila kizidishi kikabaki na kitalu kimoja. Sasa niko kwenye kijumlishi, na hicho ndicho kinachokula LUT zangu: kusogeza biti kabla ya kujumlisha, kisha kusogeza tena baada ya kutoa.