Bibi alishasamehe, mimi ndo nilikua bado nalipa

Msimu wa korosho wa 2018 watu wa Masasi na Newala mnaukumbuka, bei mbovu, wakulima wakagomea mnada, mwezi wa kumi na moja serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo na wanajeshi wakaja kusomba. Mimi kabla ya tangazo nilikua nafanya kangomba, yaani unamfuata mkulima mwenye shida kwake unachukua korosho zake kwa bei ya kutupa kabla hazijafika chama cha msingi, ule ushirika wa wakulima unaopeleka korosho mnadani.

Kuna bibi jirani yetu mjukuu wake alilazwa, akaniita mwenyewe. Nikachukua kilo 120 kwa buku buku, yaani elfu moja kilo. Naziona bado zile noti, alizihesabu mara mbili akazifunga kwenye pindo la kanga, akaniambia Mungu akubariki mjukuu wangu. Mzigo nikauingiza kwa jina la mjomba mwenye shamba, na ule uhakiki wa serikali wa kuangalia kama muuzaji ana shamba kweli ukapita.

Jamani ile baraka ilinitesa. Kanisani tukifika pale pa nimekosa mimi, nimekosa mimi, nimekosa sana, najipiga kifua kama wengine ila kitubio siendi, nikiona foleni ya maungamo natoka nje kama napokea simu.

Kwaresima ya 2021 nikaenda. Padre alinisikiliza mpaka mwisho akauliza kitu kimoja tu, huyo bibi yuko hai? Nikasema yupo. Akanikumbusha Zakayo kwenye Luka 19, kwamba alimwahidi Yesu kuwarudishia mara nne wale aliowanyang'anya, basi na wewe nenda karudishe. Akaniondolea dhambi.

Nikaenda na 276,000, ile tofauti yote, mara nne sikua na uwezo. Nikamkuta barazani anabangua korosho, vidole vyeusi kwa yale mafuta ya maganda. Nikamweleza huku natetemeka, hata hakuacha kugonga. Akasema nilijua, bei iliposomwa redioni nilijua, nikakusamehe maana mtoto alishapona. Akazipokea, akahesabu mara mbili, pindo la kanga tena.

Nilidhani imeisha, wapi. Nikawa kila wiki nampelekea sukari, sabuni, namfagilia chini ya mikorosho, na dhambi ileile nikaiungama tena na tena mpaka padre akanikatisha, akasema hiyo imeshaondolewa, ukiirudisha hapa unaonyesha huamini ulichoambiwa. Yalinichoma hayo maneno maana ni kweli, nilikua namwamini Mungu kwa kila kitu isipokua hicho. Na nadhani tuko wengi, tunaona kujitesa ndo unyenyekevu, kumbe mtu umeshasamehewa unang'ang'ania kulipa deni ambalo aliyekudai kashalifuta, na yeye unamchosha.

Bibi naye akaniuliza siku moja nimeshika mfuko wa sukari, mjukuu wangu unakuja kunisalimia au unakuja kulipa? Nilikosa jibu, nikaaga nikaondoka.

Mwezi wa sita mwaka huu nimeenda kumpulizia salfa, ile dawa ya unga, mikorosho yake, safari hii aliniita yeye. Tulipomaliza akasema subiri ugali. Toka 2018 nilikua sijawahi kula kwake, kila mara nasema nimeshiba bibi, nawahi mahali. Nikanawa, nikakaa kwenye mkeka, tukala na kisamvu, na alivyoniongezea sikukataa.