Mzaliwa wa bandarini

Nyumba niliyozaliwa, Mji wa Kale, Mombasa, iko hatua chache tu kutoka Bandari ya Kale. Ukifungua dirisha la juu harufu ya papa mkavu inakufikia kabla hujaliona jahazi lililomleta. Na hapo hapo, kwa aibu yangu, nilifika miaka 43 sijui kuogelea.

Wanaume wa kwetu walijua, au walisema wanajua. Sisi wasichana tulipelekwa ufukoni sikukuu ya Idi, tukasimama na nguo zetu mpaka maji yatufike magotini, tukala viazi vya karai, tukarudi. Nyanya yangu alikuwa na kaka aliyepanda jahazi asirudi. Hakuna aliyenihadithia jahazi gani wala safari ya wapi, lakini sheria ya nyumba ilitokana na yeye: maji ya chumvi yana wenyewe. Ya binadamu ni maji ya pepo, ya kisimani, unayoyateka kwa ndoo ukajua mwisho wake uko wapi.

Mwaka 2011 nilikwenda Muscat kuweka hesabu za kampuni moja ya vipuri vya magari, mtaa wa Ruwi. Miaka ya mwanzo nilikuwa mtu wa kazini na nyumbani. Kilichonitoa ni leseni ya udereva. Oman kuna mtihani wa mapipa: unarudisha gari nyuma uliingize kati ya mapipa bila kuligusa hata moja, na mimi niliyagusa mara tatu, mara tatu nikarudishwa nyumbani. Mara ya nne nikapita. Nilikuwa na miaka 41, na nikaona ajabu kwamba kichwa kile kile kilichokuwa kikikataa mwezi uliopita sasa kimekubali. Baada ya hapo kujifunza kukaniingia kama upele. Nilisoma kushona, nikaacha. Nikasoma Kiarabu cha kuandika, nikafika nusu. Halafu ndiyo nikakutana na bibi wa maji.

Tulikutana sokoni Matrah. Nilikuwa namwambia mwenzangu kwa Kiswahili kwamba muuza ubani huyu ni mwizi wa mchana, na mama mmoja aliyekuwa kando, na abaya yake nyeusi, akadakia: "Si mwizi, mwanangu. Wewe ndiye hujui kushindana bei." Kule Matrah usimsengenye mtu kwa Kiswahili. Waomani wengi waliotoka Unguja na bara walirudi tangu Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970, na Kiswahili chao kimekaa kama kilivyoondoka, kitamu, hakijachakaa. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, na kabla hatujaachana nilikuwa nimeshamwambia umri wangu, kazi yangu, na kwamba sijui kuogelea. Sijui kwa nini nilimwambia hilo. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mtu wa Mombasa!" Alikuwa na miaka 61 na alikuwa akifundisha wanawake kila Jumatatu jioni, saa za wanawake, katika bwawa la klabu moja.

Wiki tatu za mwanzo sikuogelea. Nilikaa kwenye ngazi ya bwawa, maji kidevuni, nikitumbukiza uso na kupuliza mapovu kama mtoto. Nilimwambia nimelipa nifundishwe kuogelea, si kupuliza. Akasema watu wakiingia majini huvuta pumzi wakaibana, na hiyo ndiyo inayowatia wazimu, maana kinachokukaba mwanzo ni ile hewa chafu uliyoikatalia kutoka. "Itoe ndani ya maji, polepole. Ukiinuka, nyingine itaingia yenyewe." Wiki ya nne akanilaza chali, mkono wake chini ya mgongo wangu. Kila nikiinua kichwa kuangalia kama miguu ipo, miguu inazama. Nikikirudisha kichwa nyuma, masikio yakaingia majini, miguu inapanda. Mzani wa sokoni kabisa: upande huu ukitoka, ule unashuka. Siku aliyouondoa mkono sikujua. Niliendelea kuongea naye, naye alikuwa ameshafika upande wa pili wa bwawa.

Siku moja, katika mzaha, nikamwambia wahenga wameshasema, mfa maji haachi kutapatapa.

"Eti," akasema. "Na hiko ndicho kinachomuua. Wangemwambia alale."

Mwezi wa pili mwaka 2019, Jumamosi, akatuchukua wanafunzi wanne kwenda Wadi Shab. Ni korongo katika milima ya Hajar ya mashariki, karibu na mji mdogo wa Tiwi, njia ya Sur. Kabla hajawasha gari alipiga simu kwa jamaa yake anayekaa milimani, akauliza mawingu. Mbingu ya Muscat ilikuwa nyeupe haina kitu, tukamwona anazidisha. Barabarani alitueleza: wadi haijazwi na mvua iliyo juu ya kichwa chako. Mvua inanyesha mlimani mbali, wewe umekaa juani unakula chungwa, na maji yanashuka na mawe na miti. Alikumbuka kimbunga Gonu cha mwezi wa sita mwaka 2007 kilivyoikata njia ya pwani hiyo tuliyokuwa tukipita. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena habari ya mawingu, ila mimi niliyatazama njia nzima.

Gari tuliliacha chini ya daraja la barabara kuu. Unavuka kwa boti ndogo, riali moja kwenda na kurudi, dakika mbili tatu umefika, kisha ni miguu. Mwanzo ni raha: mitende, migomba, na falaj, ule mfereji wa kumwagilia, unatembea nawe ubavuni huku maji yanakwenda bila sauti. Halafu kuta za korongo zinasogeleana na njia inakuwa mawe, makubwa, meupe, yaliyolainishwa na maji ya miaka mpaka yanateleza kama sabuni. Nilivaa raba za mjini, soli imekwisha. Nilianguka mara mbili. Mara ya pili nilikaa pale pale nikajidai nafunga kamba. Bibi wa maji alikuwa mbele, miaka yake 61, anaruka jiwe hadi jiwe na ndala za mpira zenye mkanda nyuma, mfuko wa chakula begani.

Mwendo wa kama dakika 45, njia ikaisha majini. Kuanzia hapo ni kuogelea, dimbwi baada ya dimbwi, hadi mwisho wa korongo ambako mwamba una ufa, na nyuma ya ufa kuna pango lenye maporomoko ya maji ndani. Tukavua raba, tukavaa majaketi ya kuelea. Mimi jaketi langu sikulikaza. Lilinibana kifua, na kusema kweli niliona haya kufungwa kama mzigo mbele ya vijana waliokuwa wakipita wamevaa kaptura tu. Akaniambia, "Kaza hilo." Nikasema nimekaza.

Dimbwi la kwanza nilisimama. La pili visamaki vidogo vilinidona nyayo, nikapiga ukelele, tukacheka wote. La tatu lilikuwa kijani kibichi, na katikati likawa kijani cheusi. Nilipiga miguu vizuri, nikahesabu pumzi kama bwawani. Kisha, kwa ujinga, nikashusha mguu nione kama nagusa.

Hapakuwa na kitu.

Mwili ukasimama wima, na lile jaketi, kwa kuwa halikukazwa, likabaki juu na mimi nikashuka ndani yake. Likanifika masikioni. Kola ikaniziba mdomo. Nilichukua funda la maji, nikakohoa, nikachukua jingine, na mikono ikaanza kupiga kila upande bila mimi kuiambia. Niliona mwamba, mbingu, mwamba. Nakumbuka nilichofikiria, na si shahada wala watoto wa dada yangu: nilifikiri hesabu za mwisho wa mwezi nimeziacha wazi kwenye kompyuta.

Bibi wa maji alikuwa hatua tano kutoka kwangu. Hakunisogelea. Baadaye aliniambia mtu katika hali ile ukimkaribia anakupanda kichwani mkaenda wote. Alisema neno moja, bila kupaza sauti, kama mtu anayembembeleza mtoto usingizi.

"Lala."

Nikatupa kichwa nyuma. Masikio yakaingia majini, na kelele zote za korongo zikakatika, ukabaki mngurumo wa chini, mzito, unaokuja kupitia maji yenyewe. Ndiyo yale maporomoko ya pangoni, sikuyajua bado. Miguu ikapanda. Juu, kati ya kuta mbili, palibaki mbingu nyembamba kama mkanda wa buluu, nikaitazama mpaka kifua kikaacha kupanda na kushuka kwa pupa. Ndipo akaja, akanivuta kwa bega la jaketi hadi kwenye jiwe, akanikaza mkanda mwenyewe, kwa nguvu, hakusema neno. Lile la kutosema ndilo lililonichoma.

Ufa ni mwembamba kweli. Kichwa kinapita, mabega yako chini ya maji, na mwamba uko pande zote mbili za uso wako. Wenzangu waliingia mmoja mmoja wakicheka, sauti zao zikarudi zimegeuka. Nami nikaenda, mikono nikijivuta ukutani, sikio moja limegusa mwamba. Kisha mwamba ukaachia, nikawa ndani.

Ningependa kusema nilikaa nikashangaa. Nuru inashuka kutoka tundu la juu na maji yanawaka rangi ya feruzi, hilo ni kweli. Kuna kamba inaning'inia kando ya maporomoko, vijana wanaipanda na kujirusha. Lakini kelele! Maji yanapiga maji mahali pasipo pa kutokea sauti. Nilishika ukuta, nikahesabu mpaka thelathini ili nisije nikaambiwa sikukaa, nikageuka nikatoka.

Bibi wa maji alikuwa nje amelala chali, mikono imetanda, macho kayafumba.

"Umeona?"

"Nimeona. Ni pazuri. Wewe huingii, bibi?"

"Mimi? Hilo pango sijaliingia hata siku moja. Mahali palipofunikwa juu sipawezi mimi." Akafungua jicho moja. "Usiwaambie wenzako."

Alasiri tukaenda Sur kula samaki. Pale mjini pamesimamishwa Fatah al-Khair, jahazi lililoundwa hapo hapo Sur mwaka 1951, liko nchi kavu watu wanapigia picha. Nililizunguka, nywele zangu bado mbichi ndani ya mtandio. Majahazi ya Sur ndiyo yaliyokuwa yakija Mombasa na Lamu kwa upepo wa kaskazi, yana tende na samaki mkavu, na kusi ikivuma yakirudi na boriti. Inawezekana kaka yake nyanya alipanda moja kama hilo. Inawezekana pia alipanda mashua ya mtu wa Vanga akaoa huko akanyamaza. Wanaume hufanya.

Hapo simu ikalia. Mama. Ana kawaida ya kupiga Jumamosi baada ya laasiri. Akaniuliza mbona upepo mwingi, niko wapi. Nilitaka kusema sokoni. Nikamwambia: nimetoka kuogelea, mama, mahali pa kina, mlimani, na nimejifunza mwaka mzima sikukuambia.

Akanyamaza. Nikasikia muadhini wa mtaani kwetu nyuma ya sauti yake, na mtu anaburura kiti.

"Maji ya chumvi au ya pepo?"

"Ya pepo, mama."

"Haya," akasema. "Umekausha nywele?"